Uzi kabla ya nyuzi: kupima pembe kwa digrii na kwa radiani

Chukua mfuniko wa sufuria, uzi wa kushonea, penseli na mkasi. Laza mfuniko kwenye karatasi, uzungushie penseli upate duara, kisha likate duara hilo na kulikunja mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo kilipo kitovu. Nyoosha uzi kutoka kitovuni hadi ukingoni, ukate hapohapo. Kipande hicho ni nusu kipenyo cha duara lako. Sasa kilaze juu ya ukingo, kiufuate mviringo wake, utie alama kinapoanzia na kinapoishia. Kutoka kila alama chora mstari hadi kitovuni. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ni radiani moja.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Katika kufundisha trigonometria nimekutana na wanafunzi wengi wanaojua kugeuza digrii kuwa radiani bila kujua radiani ni kitu gani. Wamekariri kanuni, na siku wanapoisahau hawana pa kurudi. Aliyewahi kulaza uzi kwenye mfuniko ana pa kurudi: radiani ni hesabu ya mara ngapi nusu kipenyo kinaingia kwenye tao. Ukipewa pembe ya radiani 2, uzi umelazwa mara mbili. Ukipewa radiani 0.5, umelazwa nusu yake. Na mfuniko ukiwa wa birika au wa pipa, pembe haibadiliki, kwa sababu uzi hukua pamoja na duara.

Shule ya msingi tulizoea kuita digrii nyuzi. Pembe mraba ni nyuzi 90, mstari mnyoofu nyuzi 180, mzunguko mzima nyuzi 360. Jina hilo nalipenda na nitaendelea kulitumia hapa, ila msomaji aangalie jambo moja: kipimo tunachokiita nyuzi hakihitaji uzi wowote, na kile kinachopimwa kwa uzi ndicho chenye jina la kigeni. Nyuzi ni mgawanyo tuliorithi. Watu wa Babeli ya kale walihesabu kwa makundi ya 60, na kutoka kwao tumepokea dakika 60, sekunde 60 na duara la vipande 360. Namba 360 ina faida kubwa kwa kuwa inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubakiza. Lakini hakuna kitu ndani ya duara lenyewe kinachosema 360. Wafaransa wa wakati wa mapinduzi yao waliamua pembe mraba iwe na vipande 100, mzunguko mzima 400, na kipimo hicho bado kimo kwenye kikokotoo chako kwa herufi G.

Radiani haikuhitaji makubaliano ya namna hiyo. Mwingereza Roger Cotes alikuwa na wazo lake mwaka 1714, ingawa hakulipa jina. Neno lenyewe linajulikana kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1873 huko Belfast, kwenye maswali ya mtihani yaliyotungwa na James Thomson, kaka wa yule mwanafizikia Lord Kelvin.

Rudi kwenye mfuniko. Endelea kulaza kile kipande cha uzi, mwisho wa kimoja uwe mwanzo wa kingine, hadi uzunguke duara lote. Kitaingia mara sita, kisha patabaki nafasi ndogo isiyotosha mara ya saba. Nusu kipenyo kikiwa sentimita 10, nafasi hiyo ni kama sentimita 2.8. Duara zima basi ni radiani 6.28 na ushee, yaani π mara mbili, maana π ni 3.14159 hivi. Ninawasihi walimu wasiitaje 2π kabla mwanafunzi hajaiona nafasi hiyo kwa macho yake.

Kisha fanya jambo la pili kwenye duara lilelile. Badala ya kulaza uzi juu ya mviringo, tanua bikari iwe sawa na nusu kipenyo na utembee nayo ukingoni ukitia alama. Safari hii hatua sita zinafunga duara bila kubakiza kitu. Unganisha alama mbili zinazofuatana na kitovu, upate pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Pembe yake ni nyuzi 60 kamili. Kwa nini bikari imefika na uzi haukufika? Bikari inakata njia ya mkato, imenyooka kutoka alama hadi alama. Uzi unapinda na mviringo, kwa hiyo urefu uleule unafika karibu zaidi. Ndiyo maana radiani moja ni pungufu kidogo ya nyuzi 60. Kwa hesabu ni 180 gawanya kwa π, sawa na nyuzi 57.3.

Ukishaelewa hilo, una kipimo cha haraka cha kukagua majibu. Mtu akikuambia radiani 2, wazia nyuzi 120 kasoro kidogo. Radiani 3, karibu mstari mnyoofu. Mwanafunzi akipata kwamba radiani 2.5 ni nyuzi 14.3, atajua mwenyewe, kabla ya kalamu nyekundu, kwamba nukta imekaa pasipo pake. Jibu ni 143.2.

Kugeuza kwenyewe kunategemea sentensi moja: nyuzi 180 ni sawa na radiani π. Usikariri kanuni mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa kuwa utazichanganya. Jiulize tu pembe yako ni sehemu gani ya mstari mnyoofu. Nyuzi 150 ni sehemu 150 kati ya 180, yaani tano ya sita, kwa hiyo ni radiani 5π/6. Nyuzi 45 ni robo ya mstari mnyoofu, basi π/4. Kurudi ni vilevile: radiani 2π/3 ni theluthi mbili za mstari mnyoofu, theluthi mbili za 180, nyuzi 120. Pasipo na π, kama radiani 0.8, zidisha kwa 57.3 upate 45.8.

Hapa pana kosa ninaloliona kila mwaka, na linaumiza kwa sababu linatokana na mwanafunzi mwenye bidii. Anaandika π = 180. Mwalimu naye huenda amesema hivyo kwa mkato. Wiki ijayo mwanafunzi huyo anaulizwa eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7, anazidisha 180 kwa 49. π ni 3.14 daima, leo na kesho. Kilicho sawa na nyuzi 180 ni pembe ya radiani π, na kipimo kikidondoshwa kwenye sentensi, sentensi inakuwa ya uongo. Ndugu yake kosa hilo ni kudhani kwamba pembe isiyo na π si ya radiani. Ukiona sin 2 bila alama ndogo ya digrii, hizo ni radiani 2, na jibu ni 0.909. Ukikusudia nyuzi 2, jibu ni 0.035. Tofauti hiyo inatosha kuangusha swali zima.

Kwa pembe zinazotumika mara nyingi, mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada wa karibu: saa yetu. Saa sita mchana mishale miwili imelaliana, pembe ni sifuri. Kila saa kamili inayopita, mshale mfupi unasogea nyuzi 30, yaani π/6, na ule mrefu umerudi juu. Basi toa 6 kwenye saa, matokeo yazidishe kwa π/6. Saa saba, π/6. Saa nane ni 2π/6, yaani π/3. Saa tisa alasiri, pembe mraba, π/2. Saa kumi ni 2π/3, saa kumi na moja ni 5π/6, na saa kumi na mbili jioni mishale imenyooka wima, radiani π. Ukipita hapo, fuata mshale mfupi tu tangu saa sita, na saa moja ya usiku ihesabu kama 13: kumi na tatu toa sita ni saba, 7π/6. Saa tatu usiku inakupa 9π/6, ambayo ni 3π/2. Saa saba na nusu, mshale mfupi uko kwenye π/4. Kumbuka tu kwamba kwenye grafu pembe huanzia kulia na kwenda kinyume cha mishale ya saa. Ukubwa wa pembe haubadiliki, mwelekeo ndio unaobadilika.

Kuhusu kipimapembe sina mengi. Tundu au alama ya katikati ikae juu ya ncha ya pembe, si ukingo wa chini wa plastiki. Kwa kuwa kina safu mbili za namba, amua kwanza kwa macho kama pembe ni kali au butu, ndipo usome. Anayesoma 120 kwenye pembe kali hakuamua.

Sasa, digrii zinafaa wapi na radiani zinafaa wapi? Digrii zinafaa kutaja pembe, kuchora na kuelekezana. Fundi seremala anayekata kona za fremu atasema nyuzi 45 na hana sababu ya kusema π/4. Mara tu swali linapogusa urefu wa tao, hamia kwenye radiani, maana urefu wa tao ni nusu kipenyo zidisha kwa radiani, basi. Hakuna 360 wala kugawanya. Gurudumu la baiskeli lenye nusu kipenyo cha sentimita 35 likizunguka radiani 5, baiskeli imesogea sentimita 175. Ukitumia nyuzi, itakubidi ugawanye 286.5 kwa 360, uzidishe kwa 2, kwa π, kisha kwa 35, ili ufike palepale. Eneo la kipande cha duara nalo linakuwa nusu ya mraba wa nusu kipenyo, zidisha kwa radiani.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwa fundi cherehani. Mteja anataka sketi pana iliyokatwa kwa mviringo, kiuno chake sentimita 66. Kiuno hicho ni tao, na fundi anatafuta nusu kipenyo cha kuchora kwenye kitambaa. Gawanya 66 kwa radiani za mviringo anaoutaka. Akitaka duara zima, 66 gawanya kwa 6.28, anapata sentimita 10.5. Robo tatu ya duara ni radiani 4.71, anapata 14. Nusu duara ni radiani 3.14, anapata 21. Baada ya hapo ni kuzingatia nafasi ya mshono tu. Mafundi wengi hugawanya kiuno kwa 3.14 wakitaka nusu duara bila kujua kwamba wanafanya kazi ya radiani, na ningefurahi sana mwalimu wa hisabati akimleta mmoja wao darasani kwa kipindi kimoja.

Pembe pia hupima dunia. Dar es Salaam iko latitudo ya digrii 6 na dakika 48 kusini mwa ikweta. Dakika hizi ni za pembe, 60 katika kila digrii, na kila dakika ina sekunde 60. Hapa kuna mtego: digrii 6 na dakika 48 si 6.48. Gawanya 48 kwa 60 upate 0.8, kwa hiyo ni digrii 6.8, na ndivyo ramani ya simu itakavyokuonyesha, ikitanguliwa na alama ya kutoa kwa sababu ni kusini. Kutoka ikweta hadi Dar es Salaam ni umbali gani basi? Digrii 6.8 gawanya kwa 57.3 ni radiani 0.1187. Nusu kipenyo cha dunia ni karibu kilomita 6,370. Zidisha: kilomita 756. Mabaharia wana njia yao. Maili moja ya bahari, mita 1,852, inakaribiana sana na urefu wa dakika moja ya pembe juu ya uso wa dunia. Digrii 6 na dakika 48 ni dakika 408, basi maili 408, ambazo ni kilomita 756 ukikadiria. Maili ya bahari ilitengenezwa ili nahodha asome umbali moja kwa moja kutoka kwenye pembe, na hilo ndilo hasa linalofanywa na radiani.

Kikokotoo kinastahili dakika mbili kabla ya kila zoezi na kila mtihani. Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, kiko kwenye digrii. Ukipata −0.988, kiko kwenye radiani. Ukipata 0.454, kiko kwenye vile vipande 400 vya Wafaransa na mtu amekichezea. Kwenye kioo utaona pia herufi ndogo D, R au G. Katika Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, kisha 1 kwa digrii au 2 kwa radiani. Katika fx-991ES ni SHIFT kisha MODE, halafu 3 au 4. Ukiazima kikokotoo cha mwenzako, usimwamini kwa neno, pima kwa sin 30. Na ukitumia Excel, ujue yenyewe hufikiri kwa radiani sikuzote: =SIN(30) itakupa −0.988, ukitaka nyuzi andika =SIN(RADIANS(30)). Lugha za programu kama Python nazo ziko hivyohivyo.

Kwa nini mashine na wanahisabati wanapendelea radiani? Weka kikokotoo kwenye R, bonyeza sin 0.1. Jibu ni 0.0998. Bonyeza sin 0.01, utapata 0.0099998. Pembe ikiwa ndogo, sini yake ni karibu pembe yenyewe, kwa kuwa tao fupi karibu linanyooka na kulingana na mstari wima. Kwenye digrii usawa huo haupo, na kila hesabu ya mawimbi au ya mabadiliko ingelazimika kubeba 57.3 mgongoni. Atakayeendelea hadi kidato cha tano atalikuta jambo hili kila ukurasa.

Usawa huo wa pembe ndogo ulitumika baharini kabla ya vitabu vya shule. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao majahazi yao yalikuja pwani yetu kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi, walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi uliopitishwa katikati. Waarabu wanakiita kamal. Uzi ulifungwa mafundo. Baharia aliuma fundo, akanyoosha uzi, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari na ukingo wa juu na nyota. Walihesabu pembe kwa vidole, isba, na kwa hesabu ya wanamaji kama Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, duara zima lilikuwa na vidole 224. Fundo la mbali lilimaanisha pembe ndogo, la karibu pembe kubwa. Urefu wa kibao gawanya kwa urefu wa uzi: hiyo ni radiani, imeshikwa kwa meno.

Unaweza kujitengenezea chako. Toboa rula ya plastiki katikati, funga uzi, na upime sentimita 57 kutoka kwenye rula hadi fundo. Shika fundo shavuni chini ya jicho, nyoosha uzi, fumba jicho la pili. Kwa sababu radiani moja ni nyuzi 57.3, kila sentimita utakayoisoma kwenye rula sasa ni digrii moja. Rula imenyooka na haikupinda kama tao, lakini hadi nyuzi 10 kosa lake halifiki moja ya kumi ya digrii. Ukimwona mtu wa mita 1.7 amesimama mbali na anafunika sentimita 2, zidisha 1.7 kwa 57, gawanya kwa 2: yuko kama mita 48 kutoka ulipo. Hakiki kwa hatua zako.

Usielekeze chombo hiki kwenye jua, macho yataumia. Subiri mwezi mpevu. Watu wengi huapa kwamba mwezi unapochomoza utafunika sentimita mbili au tatu. Utaona nusu sentimita tu, iwe unachomoza au uko utosini. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Zidisha kwa 0.5, gawanya kwa 57, upate upana wa kilomita 3,370 hivi. Wanafalaki wanasema ni 3,475. Egemea ukuta ili mkono usitikisike, na usome rula mara tatu kabla ya kuandika.